Kiolezo Mama na Kisima cha Mavumbini

Nchi hiyo ipo, au ilikuwepo, au bado inajengwa. Anayeijua asiitaje, na asiyeijua asiulize, maana kuuliza huko kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa siku ambayo haijatangazwa.

Katika nchi hiyo hapakuwa na shida yoyote, alhamdulillahi, isipokuwa moja: kurasa za Serikali kwenye tovuti hazikufanana. Wizara ya Mifugo ilikuwa na ukurasa wa kijani wenye picha ya ng'ombe anayecheka. Wizara ya Fedha ilikuwa na ukurasa mweupe usio na kitu, na watu walisema huo ndio mkweli kuliko zote. Idara ya Magereza nayo ilikuwa na ukurasa ambao ukishaingia hutoki.

Aibu hiyo ilimkosesha usingizi Waziri wa Kurasa na Habari Njema, Mheshimiwa Dokta Mgogolwa. Akaunda tume. Tume ikakaa hotelini siku tisini, ikasafiri ng'ambo kutazama kurasa za watu, ingawa kurasa hizo huonekana hata ukiwa umelala kitandani kwako, kisha ikarudi na jawabu. Utengenezwe ukurasa mmoja, mama wa kurasa zote, uitwe Kiolezo Mama. Maneno yake yawe yameshaandikwa, na mahali pa kujaza pawe pawili tu: nini, na wapi. Bunge likayapitisha maneno hayo kwa kupiga meza:

"Kwa furaha kubwa, Serikali inatangaza kukamilika kwa ............ huko ............ . Wananchi wamefurahi na kushukuru."

"Ndugu wananchi," alisema Waziri siku ya uzinduzi, akijifuta jasho kwa leso iliyochapwa sura yake, "zamani tulikuwa tunafanya kazi kwanza, halafu ndiyo tunaandika. Ushamba ule! Kazi inachelewesha maandishi. Sasa maandishi yametangulia, na kazi ikitaka itafuata."

Watu wakapiga makofi. Kuanzia siku hiyo kila habari ilipita kwenye Kiolezo Mama. Ikatangazwa kukamilika kwa njaa huko Wilaya ya Kusini, wananchi wakafurahi na kushukuru. Ikatangazwa kukamilika kwa kipindupindu huko Bondeni. Mkuu wa Mkoa mmoja alipofariki, ikatangazwa kukamilika kwa Mkuu wa Mkoa huko Hospitali Kuu, na wananchi wakafurahi. Mkewe alilia siku mbili mfululizo, lakini hakuna aliyeweza kuonyesha kosa liko wapi, kwa kuwa marehemu kweli alikuwa amekamilika.

* * *

Bi Zuwena binti Sefu hakuingia Wizarani kwa mlango wa elimu. Shule yake iliishia darasa la saba, na chuoni alihitimu msahafu, basi. Alikuwa mjane wa Mzee Hamidu, dereva wa malori, aliyemwachia chumba kimoja, jina jema, na wifi. Kila asubuhi baada ya kuswali alikaanga vitumbua akaviuza kwenye lango la Wizara. Hakuwa msemaji. Alikuwa mtu wa kutazama.

Siku moja alipeleka sinia la vitumbua kwenye semina. Mkurugenzi wa Violezo, Bwana Tumbika, alikuwa akiwaeleza wasomi arobaini. "Kiolezo," alisema, "ni mfumo jumuishi wa kimuundo unaowezesha urejelezaji endelevu wa maudhui."

Wasomi wote wakaandika. Hakuna aliyeelewa, na hakuna aliyekuwa mjinga kiasi cha kuuliza.

"Samahani, mwanangu," akasema Bi Zuwena, sinia liko kichwani. "Kwani hicho si kama chuma cha vitumbua? Utie unga wa Mwanahawa, utie unga wa Chausiku, kitatoka kitumbua kile kile cha duara. Ukitaka kiwe cha pembe nne, usihangaike na unga. Kahangaike na chuma."

Msomi wa mbele akauliza, "Mama, hiyo inaandikwaje?"

Wiki ile ile Bi Zuwena akaajiriwa, cheo chake Mjazaji Mkuu wa Nafasi, akapewa kompyuta, feni na kiti chenye magurudumu ambacho alikifunga kamba mguuni mwa meza kisimkimbize. Tena akakabidhiwa ufunguo. Maneno ya Kiolezo Mama yalifungwa kwa neno la siri, na wasomi walikuwa hawaaminiani: kila mmoja alihofia mwenziwe ataingia usiku aweke picha ya kaka yake kwenye kurasa zote. Wakaafikiana neno hilo liandikwe kwenye karatasi, akabidhiwe yule mama, kwa kuwa anaswali vipindi vitano na hajui la kulifanyia.

"Ni amana hii, mama," akasema Bwana Tumbika.

"Amana nitaitunza," akajibu, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Kwamba anaswali, wasomi walisema kweli. Kwamba hajui la kulifanyia neno lile, walikosea. Mtu aliyekaanga vitumbua miaka ishirini anajua vizuri sana chuma kinavyofanywa.

* * *

Miezi mitatu kabla ya Siku ya Taifa, Waziri alitaka kurasa mpya mia moja. Bwana Tumbika akaleta orodha ndefu, akaiweka mezani. Bi Zuwena akaanza kujaza. Kabla ya kila ukurasa alisema Bismillahi, kama alivyosema kabla ya kuwasha jiko, kabla ya kuvaa viatu, kabla ya kila kitu. Barabara, Bismillahi. Zahanati, Bismillahi. Ghala la mahindi, Bismillahi. Alidhani, naye alidhani kweli, kwamba mambo hayo yapo, maana yalikuwa katika orodha yenye muhuri.

Alipofika namba sitini na tatu mkono ukasimama. Iliandikwa: kisima, Mavumbini.

Mavumbini ni kijiji cha marehemu mumewe. Alikuwa ametoka huko mwezi uliopita tu, kwenye hitima. Kisima hakuona. Aliona jiwe la msingi lenye jina la Waziri, na mbuzi amelala juu yake. Tangu jiwe lile liwekwe, wanakijiji walikuwa hata cha kwao hawawezi kuchimba, kwa sababu sheria ya nchi ile inakataza mtu kuchimba kisima mahali ambapo Serikali inakaribia kuchimba. Walikuwa wakinywa maji ya boza, lori la tangi la Idara ya Maji, lililokuja mara mbili kwa wiki.

"Mwanangu," akamwita Bwana Tumbika, "hiki cha Mavumbini bado. Mimi nimefika."

"Umefika kwa barua ya nani?"

"Kwa hitima."

"Basi hukufika." Bwana Tumbika akacheka kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Bi Zuwena, sisi tunajaza nafasi. Hatujazi visima. Malizia, mama, zimebaki thelathini na nane."

Na hapo ikasikika adhana ya alasiri. Bi Zuwena hajawahi kuchelewesha alasiri tangu avunje ungo. Akatazama orodha, akatazama saa. Angeweza kuinuka akaiacha nafasi tupu. Angeweza kubisha zaidi kidogo. Lakini alitaka amalize aende akaswali. Akaandika kisima, akaandika Mavumbini, akasema Bismillahi kwa mazoea ya ulimi, akabonyeza.

Alipokuwa kwenye sijda ndipo alipokumbuka kwamba amelitaja jina la Mungu juu ya uongo, na kwamba aliusema uongo ule ili aiwahi swala.

* * *

Ipo sheria nyingine katika nchi ile, fupi na nzuri: kilichomo tovutini kipo, kisichomo hakipo. Kwa sheria hiyo, siku ya pili yake Idara ya Maji ikaliondoa boza la Mavumbini, kwa kuwa haifai kuwapelekea maji watu wenye kisima.

Baada ya wiki sita Bi Zuwena akasikia mlango unagongwa.

"Hodi! Wenye Serikali yao wamo?"

Alikuwa wifi yake, Bi Sikudhani, dada wa marehemu, ameshika dumu tupu kila mkono.

"Karibu, wifi. Mbona hukutuma salamu?"

"Nitume salamu nipikiwe biriani? Hebu nikuone. Lo, mashavu hayo! Feni ya Serikali inanenepesha. Kaka yangu akifufuka leo atakupita njiani akuamkie shikamoo."

Bi Zuwena akacheka, akampa maji. Bi Sikudhani akanywa kikombe cha kwanza amesimama, yeye ambaye maisha yake yote aliwagombeza watu kwa kunywa wamesimama. Akanywa cha pili. Cha tatu. Cha nne ndipo akakumbuka kukaa.

"Boza limekatwa, wifi," akasema. "Nimekwenda kwa bwana maji, kanitolea simu. Eti, bibi, kisima mnacho, tena hapa mmefurahi na kushukuru. Nikamwambia, mimi nimefurahi lini? Akaniambia, kama hukufurahi ungeandikwa."

"Mnakunywa nini sasa?"

"Bwawa la ng'ombe, mpaka lilipokauka. Sasa tunafuata mto, unatoka alfajiri unarudi adhuhuri. Na Mzee Shaweji katangulia mbele ya haki."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

"Aliyemsomesha Hamidu wako juzuu. Tumbo la kuhara, la maji ya bwawa lile. Na alipokufa, wifi, hatukuwa na maji ya kumkoshea. Tumemtayamamu. Mzee aliyetufundisha kutawadha miaka arobaini, tumempangusa vumbi usoni, tukampangusa vumbi mikononi, tukamzika hivyo." Akakigeuza kikombe, kikatoa tone moja, akalipokea kiganjani. "Huyo aliyeandika ukurasa ule, huko ofisini kwenu, wewe humjui?"

Bi Zuwena alikuwa ameshika birika la chai. 

"Ofisi ni kubwa, wifi," akasema.

Huo ulikuwa uongo wa pili, na huu haukuwa na orodha wala muhuri wa kuusingizia.

* * *

Asubuhi yake akaenda ofisini kuurekebisha ule ukurasa. Lakini ukurasa katika nchi ile haufutwi, unaongezewa mwingine, na huo mwingine nao hupita kwenye Kiolezo Mama. Akajaza: kosa, ukurasa wa Mavumbini. Ikatoka: "Kwa furaha kubwa, Serikali inatangaza kukamilika kwa kosa huko ukurasa wa Mavumbini. Wananchi wamefurahi na kushukuru."

Akajaribu tena, kwa uwazi zaidi. Ikatoka: "Kwa furaha kubwa, Serikali inatangaza kukamilika kwa ukosefu wa maji huko Mavumbini."

Mheshimiwa Waziri aliusoma huo akapendezwa mno. Akasema hakuna kijiji kingine ambacho kisima kimekamilika na ukosefu wa maji nao umekamilika, akaamuru Mavumbini kiwe kijiji cha mfano.

Bi Zuwena akaenda kwa Bwana Tumbika, akakaa bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwanangu, mtu amekufa kwa mkono wangu. Niruhusu niseme."

"Mama, ukurasa mmoja ukianza kuungama, zile elfu kumi na moja nyingine zitalala usingizi?"

"Mimi silali."

"Wewe si ukurasa." Akamtazama kwa huruma. "Nenda kaswali, mama. Utatulia."

Akaenda akaswali. Hakutulia. Kila akifungua bomba kutawadha, alimwona Mzee Shaweji amelala na vumbi usoni. Akawa anatawadhia kikombe kimoja tu, halafu nusu kikombe, kana kwamba yale anayobakiza yangefika Mavumbini yenyewe. Na ndipo, siku moja anafunga bomba, yakamrudia maneno yake mwenyewe ya siku ya semina: usihangaike na unga.

Akafungua pindo la kanga.

Asubuhi ya Siku ya Taifa, watu wote wako uwanjani, Bi Zuwena alikaa peke yake ofisini, akaingiza neno la siri, Kiolezo Mama kikafunguka. Akayafuta maneno ya furaha na shukrani yaliyokuwa mwishoni. Mahali pake akaandika polepole, kwa kidole kimoja: "Aliyeandika haya hakwenda kuona. Naye ni Zuwena binti Sefu."

Ulimi ukataka kusema Bismillahi. Akauzuia. Hakuthubutu tena. Akabonyeza hivyo hivyo, kimya, na kurasa elfu kumi na moja zikageuka kwa mpigo mmoja.

* * *

Uwanjani palikuwa na skrini kubwa kama ukuta wa msikiti. Waziri Mgogolwa alikuwa na kipaji kimoja kikubwa: alisoma chochote kilichowekwa mbele yake, kwa sauti nzito, bila kukielewa. Ndicho kilichompa uwaziri.

"Kwa furaha kubwa," akanguruma, "Serikali inatangaza kukamilika kwa barabara ya lami huko Kanda ya Magharibi! Aliyeandika haya hakwenda kuona!"

Makofi, kwa mazoea.

"Kukamilika kwa uchaguzi huru huko nchi nzima! Aliyeandika haya hakwenda kuona!"

Makofi yakapungua. Mtu mmoja nyuma akaanza kukohoa, kikohozi kikawa kicheko, kikaambukiza safu nzima.

"Kukamilika kwa afya njema ya Mtukufu Rais huko Ikulu! Aliyeandika haya hakwenda kuona! Naye ni Zuwena binti..."

Mtukufu Rais akageuka taratibu akamtazama daktari wake.

Askari walimkuta Bi Zuwena amekaa pale pale ofisini. "Amana yenu hii," akawaambia, akawapa karatasi. "Nimeitumia mara moja."

"Nani amekutuma?"

"Mzee Shaweji."

"Yuko wapi?"

"Kaburini."

Wakaandika: mshirika wake ametoroka.

Kesi haikuendelea. Hati ya mashtaka ilitoka kwenye Kiolezo Mama kama hati zote, ikasema imekamilika hatia ya Zuwena huko ofisini, na kwamba aliyeandika haya hakwenda kuona. Hakimu akaisoma mara mbili, akasema hawezi kumfunga mtu kwa ushahidi wa asiyeona. Wakamfukuza kazi tu.

Wiki ile kulitokea vurugu isiyo na mfano. Watumishi waliposoma kwamba hakuna aliyekwenda kuona, waliogopa, wakaenda kuona. Mkaguzi wa barabara aliikuta barabara yake imelimwa mihogo. Dereva wa boza alifika Mavumbini, akazunguka na gari lake lililojaa akitafuta kisima, akalikuta jiwe na mbuzi, akafungua koki mwenyewe bila kuambiwa. Siku ya nane wasomi wakakubaliana neno jipya la siri, na mwisho wa kila ukurasa ukabadilishwa kuwa: "Tumekwenda, tumeona, na wananchi wamefurahi mara mbili." Kwa mpigo mmoja nchi nzima ikawa imekaguliwa. Boza nalo likaitwa liondoke Mavumbini.

* * *

Bi Zuwena akafungasha kanga zake na chuma chake cha vitumbua, akaenda Mavumbini. Wifi yake alikuwa mlangoni akipeta mtama.

"Wifi, yule uliyeniuliza habari zake ni mimi."

Ungo ukasimama.

"Niliandika nikijua. Nilikuwa nawahi alasiri. Tena nilisema Bismillahi."

"Nilikuuliza," akasema Bi Sikudhani. "Umeshika birika, nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia ofisi ni kubwa."

"Nilisema hivyo."

Bi Sikudhani hakumfukuza. Alimpa mkeka, alimpa chakula. Maneno ndiyo hakumpa, siku tatu, na katika nyumba ile yenye watu wawili kimya kilikuwa kizito kuliko gunia. Siku ya nne akamtupia jembe miguuni.

"Shika. Sheria inakataza kuchimba pale Serikali inapokaribia kuchimba. Lakini hapa imeshachimba, si ndivyo ulivyoandika?"

"Ndivyo."

"Basi hatuchimbi. Tunasafisha."

Kijiji kizima kikatoka. Siku ya tano bwana maji akaja na pikipiki, shimo limefika kifuani.

"Nyie! Mnachimba nini?"

"Nani anachimba?" akasema Bi Sikudhani, mikono kiunoni. "Kisima cha Serikali kimefukiwa na mchanga, tunauzoa. Au unataka kusema ukurasa wa Serikali ni uongo? Sema basi, mwanangu, sema kwa sauti, watu tusikie."

Bwana maji akatazama simu. Akatazama shimo. Akatazama juu, labda huko nako kuna maelekezo. Kesho yake akaleta majembe sita, akaandika ni ya ukarabati.

Maji yalitoka siku ya ishirini na tisa. Wizara ikatuma mpiga picha kabla matope hayajatulia, na Bwana Tumbika akapiga simu, sauti imejaa mapenzi.

"Unaona, mama? Hukusema uongo hata kidogo. Uliwahi tu! Rudi kazini, kiti chako bado kimefungwa kamba."

"Kama mimi niliwahi, mwanangu," akasema Bi Zuwena, "basi kwa Mzee Shaweji ni nani aliyechelewa?"

Simu ikakatika. Huenda ni mtandao.

Wanawake walikuwa wamelivingirisha jiwe la msingi hadi ukingoni, wakalilaza liwe pa kukanyagia, jina la Waziri juu. Bi Sikudhani akampa wifi yake kamba na ndoo.

"Vuta wewe. Ya kwanza ni ya nani?"

"Ya kaburi la Mzee Shaweji."

Bi Zuwena akapanda juu ya jiwe. Akafungua kinywa kusema, akakifunga. Akainama, akatazama chini, akakaza macho.

"Unatafuta nini tena?" akauliza Bi Sikudhani. "Si maji hayo?"

"Niache kwanza, wifi."

Akatazama mpaka giza la kisima likamzoea, mpaka akakiona kipande kidogo cha mbingu kule chini kinatikisika, na uso wake mwenyewe ndani yake.

"Bismillahi," akasema, akateremsha ndoo.